Sauti ya Ndani na Mizani Zake: Istikhara, Mang'amuzi ya Roho, Nuru ya Walokole, Nabii na Mlaguzi

Binti wa kaka yangu ana kibanda cha nguo za watoto katika soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo sote bado tunaliita Owino. Mwaka jana wakala mmoja alimletea nafasi ya kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, huko Ghuba: kazi ya ndani, mkataba wa miaka miwili, na siku nne tu za kutoa jibu. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni shangazi yake, na kwa Waganda ssenga ndiye anayeletewa maneno ambayo mtu hawezi kuyapeleka kwa baba. Lakini kabla ya kunifikia alikuwa amekwisha kupita kwa wengine. Baba yake alimwambia aswali istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu uongozi katika shauri. Mama yake, Mkatoliki wa Masaka, alimwambia atafute mafungo, apate ukimya wa kung'amua ni roho ipi inayomvuta. Jirani yake wa kibandani, mama mmoja Mlokole, alimwambia alilete jambo lile nuruni. Rafiki zake, ambao hawakuwa na njia yoyote maalumu, walimwambia afuate moyo wake.

Ushauri huo wa mwisho ni rahisi kuutoa na ni mgumu kuufuata, kwa kuwa moyo husema mengi kwa wakati mmoja. Kiswahili chenyewe kimeliona hilo tangu zamani. Mtu akihisi hatari asiyoweza kuieleza, tunasema machale yamemcheza. Akitulia baada ya kukata shauri, tunasema moyo wake umetua. Akihangaika bila sababu, tunasema ana wasiwasi, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mnong'ono, na ambalo limo katika sura ya mwisho ya Kurani, inayotufundisha kujikinga na shari ya mnong'onezaji anayejificha. Hapa Uganda kuna utata mwingine wa lugha ambao hunichekesha: Mganda akisema omwoyo anakusudia roho, na moyo wa kifuani anauita omutima, hivyo Mswahili na Mganda wanaweza kuketi saa nzima wakiuzungumzia moyo huku kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani.

Ninaziweka hapa pamoja njia zile tatu alizoelekezwa binti yetu, pamoja na mbili nyingine ambazo watu wa Kampala huzipitia bila kutangaza, yaani mlango wa nabii na mlango wa mlaguzi, mpiga bao wa jadi, ili mwenye shauri zito mbele yake aone ipi inamfaa na ipi itamgharimu. Ninaandika nikiwa Mwislamu niliyesomeshwa na masista, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mizani yangu ina upande inaouegemea.

Nani anayesema ndani?

Jambo la kwanza la kulinganisha ni jibu ambalo kila njia inalitoa kwa swali hili, maana huko ndiko tofauti nyingine zote zinakoanzia. Kurani inaitaja nafsi kwa hali tatu: ile inayoamrisha maovu, katika Surat Yusuf, ile inayojilaumu, katika Surat Al-Qiyama, na ile iliyotua, mwishoni mwa Surat Al-Fajr. Kwa hiyo Mwislamu anayesikia sauti ndani yake hana haki ya kudhani mara moja kwamba ni mwongozo, kwa sababu huenda ni nafsi ya daraja la chini inayojipamba. Hata ndoto, katika Hadithi, zimegawanywa mara tatu: iliyo bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, inayotoka kwa Shetani ili kuhuzunisha, na ile ambayo ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeandika katika karne ya 16 bila kukusudia kukubaliana na Waislamu, aligawanya vilevile: kuna mawazo yangu mwenyewe, kuna yanayotoka kwa roho mwema, na kuna yanayotoka kwa roho mwovu. Walokole hawana mgawanyo wa kitaalamu namna hiyo, ila wanasema mwili na Roho vinapingana, na kwamba dhambi iliyofichwa huziba masikio.

Mlaguzi anatoka nje ya mpaka huu. Kwake yeye, anayesema hayumo ndani ya mwenye swali. Ni lubaale, yaani mungu wa jadi wa Kiganda, au mzimu wa ukoo anayempanda mmandwa, mtu wa kusema kwa niaba yake, au ni mpango wa kauri na punje za kahawa zilizotupwa juu ya ngozi. Mwenye swali huketi na kupokea. Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na nitairudia.

Wapo pia wataalamu wa saikolojia, na sioni sababu ya kuwaacha nje kwa kuwa tu somo letu ni la kiroho. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamebishana, mmoja akiishuku hisia ya haraka na mwingine akiitetea, waliandika pamoja na kukubaliana kwamba hisia ya namna hiyo inaweza kuaminiwa pale tu mazingira yanapokuwa na utaratibu unaojirudia na mtu akawa amepata muda mrefu wa kujifunza na kuonyeshwa makosa yake. Mkunga mwenye miaka 20 ya kazi anayesema mama huyu apelekwe hospitali sasa hivi, kabla hajaona dalili anayoweza kuitaja, anastahili kusikilizwa. Mvuvi wa Kasenyi anayekataa kuingia ziwani asubuhi moja vilevile. Lakini msichana ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Malaba, akisema anahisi tu kwamba mwajiri wa Ghuba ni mtu mwema, hana uzoefu wowote uliozaa hisia hiyo. Kabla ya kuuliza kama ni roho inayosema, inafaa kuuliza kama jambo lenyewe ni la aina ambayo uzoefu wako ungeweza kulijua.

Istikhara

Msingi wake ni Hadithi ya Jabir bin Abdullah katika Sahihi Bukhari, anayesema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Kurani. Mtu huswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha huomba dua maalumu akilitaja jambo lake. Humo anakiri kwamba yeye hajui na Mwenyezi Mungu anajua. Kisha anaomba kwamba jambo hilo, ikiwa lina kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wa mambo yake, arahisishiwe, na ikiwa lina shari, liepushwe naye na yeye aepushwe nalo, apangiwe kheri popote ilipo, na aridhishwe nayo. Ombi la kuepushwa ni la pande mbili, na wengi huisoma dua bila kuliona: jambo liondoke kwako, na wewe uondoke kwalo, yaani hata hamu ikatike. Nimewaona watu ambao jambo liliwaondokea lakini wao hawakuliondokea, wakabaki wanalililia kwa miaka.

Katika Hadithi hiyo hakuna ndoto. Mazoea ya kungoja ndoto, na ya kusema kwamba kijani na cheupe ni heri na kwamba cheusi na chekundu ni shari, yametoka kwa watu. Kaka yangu mwenyewe, baba wa binti huyu, aliwahi kuswali istikhara usiku mmoja juu ya kiwanja huko Mukono, akaota shamba la kijani kibichi, akalipa asubuhi. Ardhi ile ilikuwa ya mailo, umiliki wa Buganda ambao mwenye hati na mwenye kibanja huweza kuwa watu wawili, na juu yake walikuwapo watu wenye vibanja vyao kihalali, ambao hawakuwa na habari yoyote ya mauzo. Kesi ilichukua muda mrefu kuliko subira yake. Ndoto haikumdanganya, kwani Mukono ni kijani mwaka mzima. Ila aliipa ndoto kazi ambayo ilikuwa ya ofisi ya ardhi. Kurani, katika Surat Aal Imran, imetanguliza kushauriana na watu, kisha kukata shauri, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, na masheikh waliotufundisha Kibuli walikuwa wakisema kwamba istikhara huja pamoja na uchunguzi, haichukui nafasi yake.

Mambo machache ya utendaji, kwa sababu nayaona yakikosewa. Istikhara ni ya mambo yaliyo halali na yenye uchaguzi ndani yake. Haiswaliwi kuuliza kama deni lilipwe au kama rushwa ipokewe. Nyakati zinazochukiza kuswali sunna, kama baada ya Alasiri mpaka jua lizame na baada ya Alfajiri mpaka lichomoze, hukwepwa. Mwanamke aliye katika hedhi huomba dua peke yake bila swala, na hapungukiwi kitu. Kuirudia kunaruhusiwa. Na Hadithi inamwelekeza mwenye shauri aswali mwenyewe, kwa hiyo yule anayekuambia umtumie pesa kwa simu akufanyie istikhara na kukuletea majibu, amekwisha kuibadilisha kuwa kitu kingine, na kitu hicho kiko karibu na ramli.

Udhaifu wa njia hii, ambao ninauona ingawa ni njia yangu, ni kwamba haimfundishi mtu kwa urefu jinsi ya kulisoma jibu. Ipo Hadithi ya Wabisa, katika zile zilizokusanywa na Imamu Nawawi, inayosema uuombe fatwa moyo wako, kwamba wema ni kile ambacho nafsi imetulia kwacho na dhambi ni kile kinachosokota kifuani hata kama watu watakutolea fatwa. Ni maneno mazito, lakini yaliambiwa swahaba. Sisi ambao mioyo yetu imejaa bei za soko tunahitaji ngazi zaidi za kuifikia hali hiyo, na ngazi hizo, katika utamaduni wetu, hutafutwa kwa sheikh wa malezi au kwa miaka ya dhikri, wala si kwa usiku mmoja.

Mang'amuzi ya roho

Hapa ndipo Wakatoliki wametajirika, na nasema hivyo bila wivu. Mwaka 1521 Inyasi alikuwa askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani Loyola aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi. Havikuwapo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Aliota ndoto za mchana za aina mbili, za kumtumikia bibi fulani wa heshima na za kuishi kama watakatifu, na zote mbili zilimpendeza wakati wa kuziota. Tofauti aliiona baadaye: zile za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu na mwenye uchungu, zile za pili zikiisha zilimwacha na furaha. Kutokana na kuchungulia huko akajenga kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha mwaka 1548.

Ugunduzi wake, kama ninavyouelewa, ni kwamba hisia ipimwe kwa ladha inayobaki mdomoni, wala si kwa utamu wa tonge la kwanza. Hali ya kuvutwa kuelekea kwa Mungu aliiita faraja, na kinyume chake, ukavu na giza na kukata tamaa, aliiita ukiwa. Na kanuni yake inayojulikana kuliko zote ni kwamba wakati wa ukiwa mtu asibadili uamuzi aliouweka alipokuwa katika faraja. Nikiwa shuleni masista walitufundisha kanuni hiyo bila kututajia jina la mwenyewe, na imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hasa katika ndoa. Anaongeza kwamba kwa mtu anayekwenda vizuri, roho mwema huingia kama tone la maji linaloingia katika sponji, na roho mwovu kama tone linaloanguka juu ya jiwe, kwa kishindo. Na kwa mtu anayezidi kuharibika, mambo hugeuka, kishindo kikawa ndicho dalili njema. Kwa hiyo hata amani si ushahidi wa kutosha mpaka ujue wewe mwenyewe unaelekea wapi. Mwizi aliyezoea hulala vizuri.

Pale ambapo hakuna faraja wala ukiwa, mtu akiwa ametulia tu, Inyasi anarudi kwenye akili: andika faida na hasara za kila upande, mfikirie mtu usiyemjua ambaye angekujia na swali hilohilo, kisha usikilize ungemshauri nini, jiweke kitandani siku ya kufa na uulize ungependa uwe ulichagua lipi. Shauri la mgeni ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa hofu na tamaa zangu hazimhusu mgeni.

Gharama ya njia hii ni muda na mwenza. Mazoezi kamili huchukua siku kama 30 za ukimya, ingawa Inyasi mwenyewe aliweka nafasi ya kuyafanya nyumbani polepole kwa mtu aliyefungwa na shughuli. Inahitaji mlezi wa kiroho anayesikiliza zaidi ya kusema, na walezi wa namna hiyo si wengi. Mtu wa Kampala hana budi kuuliza parokiani au katika nyumba za watawa, na huenda akaambiwa asubiri. Ile sehemu ndogo ya kila siku, ya kutafiti dhamiri, yaani kuipitia siku yako mbele ya Mungu na kuona ulipovutwa na ulipokauka, haigharimu chochote na haihitaji mtu wa pili. Binti yetu aliifanya kwa siku kadhaa katika daftari lake la mauzo, upande wa pili wa ukurasa. Aliona kwamba asubuhi, akitazama picha za majumba ya kule kwenye simu, moyo ulichangamka, na kufikia saa sita mchana ulikuwa umekuwa mzito kama marobota. Akifikiria kuongeza kibanda cha pili alichoka mara moja, lakini uchovu ule haukuwa na uchungu.

Nuru ya Walokole

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowazaa Walokole, ni kitu chetu wenyewe, na ni ajabu kwamba wasomi wetu wanaijua zaidi historia ya Inyasi kuliko hii. Mwaka 1929, huko Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alitumika Gahini mpaka karibu na kifo chake mwaka 1936. Kutoka Gahini moto ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukiwa na wimbo wa Tukutendereza Yesu, ambao hata sisi tusio Wakristo tunaujua kwa kuusikia mazikoni.

Wao hawamwachi mtu peke yake na sauti yake. Neno wanalolitumia ni kutembea nuruni, kutoka katika Waraka wa Kwanza wa Yohana: unalileta jambo mbele ya ushirika, unaungama kilichofichwa nyuma yake, na ndugu wanakuambia kama wana mashaka. Katika istikhara uko na Mola wako. Katika mang'amuzi uko na Mola wako na mlezi mmoja. Katika nuru uko mbele ya chumba kizima. Kwa mtu anayejidanganya, na wengi wetu ni hodari, hakuna njia iliyo kali kuliko hiyo. Yule jirani wa Owino hakumhubiria binti yetu wala hakumwalika kanisani. Alimuuliza swali moja wakiwa wanafunga vibanda: una deni gani ambalo baba yako halijui? Lilikuwapo, la kikundi cha kuweka na kukopa, na ndilo lililokuwa likisema kwa sauti ya ndoto za Ghuba. Si mimi, ssenga, wala baba yake mwenye sijda nyingi, aliyekuwa ameuliza.

Hatari iko mlemle kwenye nguvu. Chumba kizima kinaweza kukosea pamoja, na kinaweza kuichukulia hofu yake ya mabadiliko kuwa onyo la Roho. Na kile ulichokiungama Jumatano unaweza kukisikia sokoni Ijumaa. Ushirika unaofaa hujulikana kwa jambo moja: wakubwa wake nao huungama, tena mambo ya kweli yenye aibu.

Nabii na mlaguzi

Juu ya nabii wa kisasa sitasema mengi. Karama ya unabii imo katika Agano Jipya, na Paulo aliwaambia Wathesalonike wasiudharau unabii ila wayajaribu mambo yote. Tatizo ni utaratibu wa siku hizi, ambapo mwenye shauri hupanga foleni, hutoa mbegu, yaani sadaka ya pesa, hupewa neno, na kulijaribu neno hilo kunahesabiwa kuwa ni ukosefu wa imani. Njia ambayo imeiondoa breki na kukuomba nauli kwanza, ningekushauri usiipande.

Mlaguzi anahitaji heshima zaidi kidogo, kwa kuwa wengi wanaomtukana mchana humwendea usiku. Katika desturi ya Kiganda, kulagula hakukuwa kubashiri tu. Kulikuwa namna ya kuuliza ni uhusiano gani katika ukoo umeharibika, ni nani hakuzikwa vizuri, ni ahadi gani haikutimizwa, na mlaguzi mzuri aliijua historia ya koo kama mwanasheria anavyozijua hati. Kwa maswali ya aina hiyo wazee walipata majibu yenye maana. Lakini swali la binti yetu halikuwa la ukoo. Isitoshe, kwa Mwislamu na kwa Mkristo huu si mlango wa kuchagua: Hadithi katika Sahihi Muslim inasema kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 ina katazo lake. Kurani iliharamisha kupiga ramli kwa mishale, desturi ya Waarabu ya kabla ya Uislamu, na istikhara ikachukua nafasi ya kuuliza kwa namna hiyo. Katika mishale kitu hutupwa na jibu husomwa. Katika istikhara mtu huomba, kisha hutembea, na kuwajibika kwa hatua zake.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa mwenye haraka ya kweli, istikhara ndiyo inayobebeka. Dakika kumi na udhu zinatosha kuianza, na inaweza kuswaliwa hata msikiti wa Old Kampala baina ya safari mbili za taksi. Mang'amuzi ya Inyasi hayafai kwa siku nne, isipokuwa ile mbinu ya mgeni na ile ya kitanda cha mauti, ambazo zinaweza kufanywa leo jioni na mtu wa dini yoyote. Nuru ya Walokole inategemea siku ya ushirika na watu uliokwisha kuishi nao. Huwezi kuingia mara ya kwanza ukiwa na swali mkononi na ukatarajia wakujue.

Kwa aina ya swali, naona hivi. Swali la ndiyo au hapana ambalo taarifa zake unazo tayari, na umebaki na woga tu, lipeleke kwenye istikhara. Swali la wito, la utakuwa mtu wa namna gani, kama kuingia utawa, kubadili kazi uzeeni au kumsamehe mtu aliyekuvunja, linahitaji mang'amuzi marefu. Swali ambalo umelirudia mara tano na kila mara jibu linatoka lilelile ulilolitaka, hilo ni la chumba cha watu. Wabahai, ambao hekalu lao la Kikaya lilifunguliwa mwaka 1961, wana jambo linalofanana na hilo, mashauriano, ambapo wazo likishatolewa huacha kuwa la aliyelitoa na kuwa la kikao. Kwa familia yenye dini tatu kama yetu, naliona ni utaratibu mzuri wa kuazima.

Kwa ukaguzi, njia hutofautiana katika yule anayeweza kukuambia umekosea. Katika istikhara ni matukio yenyewe, milango ikifungwa; na milango huweza kufungwa umechelewa, kama kaka yangu alivyojua. Katika mang'amuzi ni mlezi na wakati. Katika nuru ni ndugu. Kwa nabii na kwa mlaguzi hakuna, kwa kuwa anayesema ndiye anayetafsiri, na ndiye anayelipwa.

Mchanganyiko wa dini katika jambo hili huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina msingi. Ibada zisichanganywe, Mwislamu haungami mbele ya padri, na Mkatoliki haswali rakaa mbili ili ajaribu bahati. Lakini swali zuri halina dini, na kuandika hisia zako katika daftari si ibada ya mtu mwingine. Nilimwambia binti yetu achague nyumba moja ya kuombea, ambayo kwake ni ya baba yake, na kutoka nyumba nyingine aazime vyombo.

Kuna hali moja ambayo hakuna kati ya njia hizi inayofaa kuwa ya kwanza. Mtu akisikia sauti halisi masikioni zinazomwamuru kufanya jambo, au asipolala kwa siku nyingi huku akijiona amepewa ujumbe mkubwa, au uzito wa moyo ukimfikisha mahali pa kutaka kujidhuru, aonane na daktari. Hospitali ya Butabika ya magonjwa ya akili ipo, na hospitali za rufaa za mikoani zina vitengo vya afya ya akili. Inyasi mwenyewe, wakati fulani huko Manresa, alifikia kutaka kujiua kwa ajili ya hofu ya dhambi zake, na baadaye alilitambua wimbi lile kuwa ni jaribu. Asingependa mtu alichukue kuwa mwongozo.

Siku ya nne binti yetu alimpigia wakala simu. Alikuwa ameswali mara tatu, ameandika kurasa sita, na amemweleza baba yake juu ya deni, jambo lililokuwa gumu kuliko vyote. Hakukataa safari. Aliomba nakala ya mkataba na jina la kampuni ili akaulize katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama ina leseni, na akaomba wiki mbili za kufanya hivyo. Wakala alisema nafasi haiwezi kungoja wiki mbili, akakata simu. Deni linalipwa kila Ijumaa kutoka katika mauzo ya nguo za watoto, na bado limebaki zaidi ya nusu. Hamu ya kyeyo haijamwondoka kabisa; ameniambia kwamba deni likiisha ataswali tena na kuuliza upya, safari hii akiwa na majina ya kampuni mbili zenye leseni mkononi.